Pikapu yetu ina nguvu nyingi: je, itavuta trela la kambi la karibu tani tatu hadi Lushoto?

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi Chumbageni, hapa Tanga. Mume wangu aliagiza kutoka Afrika Kusini pikapu ya Ford Ranger Raptor, ile ya petroli yenye injini ya V6 ya lita 3.0, na kwa kweli familia nzima inaipenda. Njia ya udongo ya kupanda Amani, ambayo zamani ilituchosha viungo, sasa tunaipita tukizungumza kama watu walioketi sebuleni.

Hivi karibuni amepata trela la kambi linalouzwa Dar es Salaam na mtu anayehama nchi. Lina vitanda vya watu watano, jiko, matangi ya maji ya jumla ya lita 160, betri na paneli za sola. Kibao kilichopigiliwa kwenye mkono wa trela kinaonyesha kwamba likiwa tupu lina kilo 2,240, na kwamba uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni kilo 2,900. Mpango wetu ni kupanda nalo Lushoto likizo ya Desemba, kupitia Segera, Korogwe na Mombo, kisha kushuka na kumalizia siku zilizobaki ufukweni Ushongo.

Muuzaji amemhakikishia mume wangu kwamba gari lenye nguvu kiasi kile litalivuta trela hilo bila shida yoyote. Mume wangu anakubaliana naye, kwa kuwa amesoma mwenyewe kwamba Ranger huvuta hadi tani tatu na nusu. Shemeji yangu, mdogo wake, ambaye ni fundi wa malori ya katani, amekataa katakata. Anasema gari hilo lina springi laini na kwamba yeye hatapanda wala hataruhusu wanawe wapande. Mume wangu amemjibu kwamba matangi ya maji tutayaacha matupu, na kwamba ikibidi atafunga mifuko ya hewa nyuma ili gari lisilale. Tumeshatoa arubuni, na salio linasubiriwa mwisho wa mwezi.

Mimi nina leseni na huwa tunapokezana usukani, kwa hiyo huenda mteremko wa kutoka Lushoto ukawa mikononi mwangu, watoto wakiwa nyuma. Ningependa kujua kati ya hawa ndugu wawili ni nani mwenye haki, na kama trela hili halifai, tufanye nini.

Mama wa Watatu,
Chumbageni, Tanga

*

Marahaba, Mama wa Watatu.

Kwa kuwa arubuni imeshatoka na tarehe ya salio inakaribia, nitaanza na jibu lenyewe: trela hilo, kwa uzito huo, lisivutwe na pikapu hiyo. Shemeji yako yuko sahihi. Mume wako naye hakusoma uongo, kwani tani tatu na nusu zipo kweli katika maandishi ya Ranger. Tatizo ni kwamba maandishi hayo yanahusu Ranger nyingine.

Ranger za kawaida za kizazi hiki, kwa mfano Wildtrak, zimeidhinishwa kuvuta trela lenye breki zake la hadi kilo 3,500. Ranger Raptor imeidhinishwa kilo 2,500 tu. Jambo hili huwashangaza watu wengi, kwa sababu Raptor yenu ndiyo yenye injini kali kuliko zote: kwa toleo linalouzwa Afrika Kusini, inatoa kilowati 292 za nguvu na nyutoni-mita 583 za msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ilhali Wildtrak ya dizeli ya V6 inatoa kilowati 184 na nyutoni-mita 600. Kwa hiyo gari lenye kilowati chache zaidi ndilo linaloruhusiwa kuvuta tani moja ya ziada. Hali ni hiyohiyo kwa pikapu kubwa za Kimarekani za mwendo wa kasi: F-150 Raptor inaishia takribani kilo 3,700, wakati F-150 ya kawaida iliyoandaliwa kwa kazi ya kuvuta hupita kilo 5,500, na Ram TRX nayo inavuta pungufu sana kuliko ndugu zake wa Ram 1500. Watengenezaji wote hawa wanajua kwamba injini ya kulitoa trela mahali pake ipo. Kikomo wamekiweka kwa sababu ya sehemu nyingine za gari.

Sehemu hizo ziko chini ya karoseri. Wildtrak ina springi za bapa nyuma, za mpangilio ule anaoujua shemeji yako kutoka kwenye malori, ambazo hazina starehe lakini zinastahimili mzigo. Raptor imewekewa springi za koili na shokapu za Fox zenye mwendo mrefu, ili magurudumu yapande na kushuka kwa kina kirefu gari linapokimbia juu ya mashimo na matuta. Ulaini huo ndio mnaoufurahia njiani Amani, na ulaini huohuo ndio unaolifanya gari likae vibaya linapokandamizwa nyuma. Mkimbiaji hodari halazimiki kuwa hamali hodari, ingawa wote wawili wana miguu yenye nguvu.

Trela la namna hii halivutwi tu, bali pia huegemea. Ili litulie barabarani, takribani asilimia kumi ya uzito wake inapaswa kukandamiza kiungio kilicho nyuma ya gari. Kwa trela la kilo 2,740, ambalo nitaeleza punde kwa nini nimechagua namba hiyo, ni kilo 274. Kiungio kiko nyuma ya ekseli, kwa makadirio mita moja na robo, na ekseli mbili za Ranger zimeachana mita 3.27, hivyo mzigo huo unafanya kazi kama mtu anayekalia ncha ya ubao. Ekseli ya nyuma inabeba karibu kilo 380, na zile zaidi ya mia moja za ziada zimeondolewa kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Pua ya gari inainuka, taa zinawamulika macho wanaokuja, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ambayo dereva mgeni huiona ni raha mpaka atakapofika kwenye kona.

Sasa tufanye hesabu ya familia yenu. Trela tupu ni kilo 2,240. Maji lita 160 ni kilo 160. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 15, pamoja na chuma chake, ni kama kilo 60. Chakula, vyombo, nguo na matandiko ya watu watano sithubutu kuyaweka chini ya kilo 150. Turubai la nje, meza na viti ni 70, na vifaa vya ufundi pamoja na betri ya akiba ni 60. Jumla inakuwa kilo 2,740. Mume wako anasema maji hamtajaza. Sawa, toeni zote 160, na bado mna kilo 2,580, juu ya kikomo cha 2,500 kabla hamjatoka Chumbageni. Kibao cha trela kinachosema 2,900 kinaeleza tu kile ambacho trela lenyewe linaweza kubeba. Hakina habari na gari linalolivuta.

Na hiyo ni nusu tu ya hesabu, kwa sababu kikomo kinachopitwa mara nyingi bila mtu kujua ni uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba. Kwa Ranger Raptor, kutegemea nchi lilikouzwa, ni kati ya kilo 600 na 720. Ndani yake lazima viingie abiria, mizigo ya bodi, kila chuma kilichoongezwa baada ya kiwandani, na ule mkandamizo wa trela. Watu watano wa familia kama yenu ni karibu kilo 280. Friji ya safari, madumu ya petroli na sanduku la spana ni 170. Bamba la chuma la mbele na kifuniko cha bodi, ambavyo wenye magari haya kwa kawaida huvifunga, ni kama 110. Ongeza 274 za trela, na jumla ni kilo 834. Hakuna toleo la Raptor hiyo ambalo kilo 834 zinaingia ndani ya ruhusa yake.

Kuhusu mifuko ya hewa, naomba mume wako anisikilize kwa makini, kwani hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hujidanganya. Mifuko hiyo huinua sehemu ya nyuma na kulifanya gari lionekane limekaa sawa. Haiongezi uwezo wa chesisi, ekseli, beringi, matairi wala breki, na haibadilishi hata kilo moja kwenye kibao cha gari. Tena inaondoa dalili ambayo ingemwonya dereva kwamba amezidisha. Ajali ikitokea na ikabainika kwamba gari lilikuwa limepita kikomo chake, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, nayo haitahitaji hoja ndefu.

Lakini sababu inayonifanya nikatae bila kusitasita ni ule mteremko uliouandika wewe mwenyewe. Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto si hoja. Injini yenu itapanda, tena kwa majivuno. Lushoto iko takribani mita 1,000 juu ya Mombo, na barabara ya kushuka kupitia Soni ni nyembamba, ina ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona zake hufichana. Gari na trela vyenye jumla ya tani tano na nusu vinaposhuka mita elfu moja, nguvu ambayo breki na injini vinapaswa kuimeza ni sawa na kulisimamisha gari hilohilo na trela lake kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa hadi kusimama kabisa, mara 25, tena bila muda wa kupumzisha breki katikati. Injini ikiwa kwenye gia ndogo itameza sehemu, na zilizobaki zinageuka kuwa joto kwenye pedi na diski. Pedi zikipita joto lake zinaanza kuteleza. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi sakafuni. Yote haya hutokea kwa gari zima, lisilo na kasoro, ambalo asubuhi fundi alilikagua na kuridhika.

Hali inakuwa mbaya zaidi ikiwa breki za trela hazifanyi kazi, na trela la mkononi lililosimama muda mrefu karibu na bahari nalitilia shaka mpaka lithibitishwe. Chumvi ya pwani yetu inakula waya, inakwamisha vyuma ndani ya ngoma na kuozesha viungio vya umeme. Trela lisipokuwa na breki zake lenyewe, Ranger inaruhusiwa kuvuta la kilo 750 tu. Ukivuta tani mbili na nusu zenye breki zilizokufa, umepita kikomo zaidi ya mara tatu.

Hata kwenye lami iliyonyooka kati ya Segera na Mombo kuna hatari nyingine, nayo ni kuyumba. Basi kubwa likikupita kwa kasi, upepo wake unalisukuma trela pembeni, nalo likirudi linavuta mkia wa gari. Gari lenye nyuma laini na matairi ya njia mbovu huzidishiwa kuyumba huko. Namna mzigo ulivyopangwa ndiyo huamua mengi: vitu vizito viwekwe chini na mbele kidogo ya ekseli za trela, kamwe visirundikwe mwisho. Ukiwa usukani nalo likaanza kuyumba, achia mafuta polepole, shika usukani ulionyooka bila kuupigisha huku na huku, na usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kama kidhibiti cha breki za trela kimefungwa mahali unapokifikia, bonyeza breki za trela peke yake; zitalivuta trela nyuma na kulinyoosha. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na vijijini 50 kama sheria inavyotaka.

Ushongo sina maneno mengi. Mchanga wa kule hauna huruma kwa trela zito. Liacheni kwenye ardhi ngumu hata kama ufuko uko hatua chache tu.

Mfanye nini basi? Pikapu yenu ni nzuri, na kambi ya familia ni jambo la kheri, kwa hiyo sisemi mviache. Tafuteni trela jepesi, ambalo likiwa na kila kitu halizidi kilo 1,700. Yapo matrela ya aina ya hema la kukunjua, yenye ekseli moja, yaliyotengenezwa Afrika Kusini kwa njia mbovu, ambayo yanaanza chini ya tani moja yakiwa matupu. Hilo litakandamiza kiungio kwa kilo 170 hivi. Hata hapo, tazameni: 170 na watu 280 na vyuma 110 ni 560, kwa hiyo mizigo ya bodi ya kilo 170 haiwezi kubaki yote ilipo. Friji na sanduku la spana vihamie ndani ya trela, juu ya ekseli, huku mkihakikisha kwamba zile 1,700 hazipitwi, na madumu ya petroli yabaki nyumbani kwa kuwa vituo vya mafuta vipo Muheza, Segera, Korogwe na Mombo. Mkibakiza kilo 40 au 50 kwenye bodi, mtakuwa karibu na 600, na kibao kilicho kwenye nguzo ya mlango wa gari lenu ndicho kitakachowapa namba ya mwisho. Kikisomeka pungufu ya hapo, bamba la mbele livuliwe. Humo pia someni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, ambao ni kikomo cha peke yake.

Kabla ya safari yoyote, pimeni. Mji wa saruji, chokaa na katani haukosi mizani ya malori, na ukiomba kwa adabu na kulipia, watakupimia. Pimeni kwanza gari likiwa na familia na mizigo yote, trela likiwa limefungwa lakini limebaki nje ya mizani. Kisha pimeni trela peke yake likiwa limefunguliwa, na baadaye lilifungeni na kupima magurudumu yake tu. Tofauti ya vipimo hivi viwili vya trela ndiyo uzito unaokandamiza kiungio. Mkitoka mizani, nendeni kwenye uwanja mtupu, mjaribu breki za trela peke yake katika mwendo mdogo. Usipohisi gari likivutwa nyuma, hazifanyi kazi.

Siku ya kushuka kutoka Lushoto, hata na trela jepesi, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Gia kumi za gari hilo zinabadilishwa kwa swichi zilizo nyuma ya usukani, kwa hiyo usiliachie gari lijichagulie. Kanyaga breki kwa nguvu kiasi na kwa muda mfupi, kisha ziachie zipoe, badala ya kuzigusa njia nzima. Ukinusa harufu ya kuungua, simama mahali pana, subiri nusu saa, wala usimwagie maji magurudumu. Malori ya mboga yakikusanyika nyuma yako, yape nafasi yapite.

Kwa habari ya arubuni, muuzaji alikuwa na wajibu wa kuuliza gari lenu ni aina gani kamili kabla ya kuwahakikishia chochote. Mwandikieni kwa heshima, mkimwonyesha kikomo cha kilo 2,500 kilicho kwenye kitabu cha gari na uzito wa trela lake, na mwombe awarudishie fedha au sehemu yake. Mwandiko huo autie saini mume wako mwenyewe, baada ya ninyi wawili na shemeji kukaa na kitabu cha gari mezani mkafanya hesabu hizi upya kwa uzito wenu halisi, si kwa makadirio yangu. Na ikiwa muuzaji atakataa kurudisha, ni afadhali arubuni ipotee kuliko kulipa salio.